Gaida Ndani ya Gari la Ognyan

Kule milima ya Rodopi, bibi harusi hatoki kwa baba yake mpaka gaida ilie. Gaida ni zumari la mfuko wa ngozi ya mbuzi, na kwa miaka mingi mpulizaji alikuwa Veliko. Ognyan ndiye aliyekuwa dereva na msemaji wake, mwenye kupatana na wenye harusi. Ukimwona mmoja, mwenzake hayuko mbali.

Majira ya baridi, Rusa, mama yake Ognyan, akaugua.

"Kaka, nipigie ule wimbo wa kumtoa bibi harusi, niurekodi kwenye simu," Ognyan aliomba. "Mama anataka kuusikia kitandani."

Veliko akapuliza mpaka mashavu yakamuuma. Hata binti yake mwenyewe hakumpigia hivyo. Rusa akazikwa kabla theluji haijayeyuka.

Tangu hapo Veliko hakuitwa harusini tena. "Vijana wa siku hizi hawataki gaida," Ognyan alimwambia, macho kwenye usukani. Veliko akaamini. Angeachaje kumwamini mtu anayekula naye sahani moja?

Kiangazi, Desa, binti wa jirani, akaolewa, na Veliko akaenda kama mgeni tu, shati limenyooshwa, mikono haijui pa kukaa. Gari la Ognyan likasimama getini, milango yote wazi. Ognyan akabofya simu, akaitia mfukoni, na redio ya gari ikapokea kwa bluetooth, bila waya wowote. Ikalia gaida. Kabla ya ubeti wa pili ikasikika pumzi nzito, yenye kukwaruza. Veliko aliijua. Ilikuwa ya kifua chake mwenyewe.

Ognyan akaingia ndani kumharakisha bibi harusi. Kuta za mawe ni nene. Simu na gari vikapotezana, muziki ukakatika. Desa akasimama kizingitini, mbele ya ndoo ya maji ambayo kwa desturi bibi harusi huipiga teke anapotoka.

"Mzee Veliko, si ukimbilie gaida yako utuokoe?" mama yake Desa akasema.

"Nimeshapiga, dada. Aliyekuwa anapuliza humo garini ni mimi."

Ognyan akatokea nyuma ya bibi harusi, akicheka kicheko cha aliyefumaniwa. "Usinune, kaka. Si wewe yule yule? Tena hutoki jasho."

"Nilimpigia mama yako, Ognyan."

"Mama asingekataa."

Akasogea karibu na gari, akabofya tena. Desa akaipiga teke ndoo, maji yakamwagika, watu wakashikana mikono wakaanza kucheza, Ognyan katikati yao. Siku nyingine huuzima wimbo mapema. Leo ngoma ilimnogea akasahau, na wimbo ukafika mwisho. Ndipo sauti ya Veliko ikatoka garini, ikajaa uani kote:

"Mama Rusa, ugua pole. Ukipona, nitakuja kukupigia mlangoni mwenyewe. Nimemwachia Ognyan huu, usikilize wewe tu."

Wageni wakacheka, wakidhani ni mzaha wa harusi. Ognyan akawa anapapasa mifuko yake, simu haioni. Veliko akachukua kofia yake, akapita katikati yao, akaenda zake nyumbani.