Mtiki Wangu Uliokatwa Nandagala

Nakumbuka Jumamosi moja, nikiwa darasa la tano, tulipogombana kwa Bibi kule Nandagala: nani akatwe. Usishtuke, mwanangu. Niko kidato cha tatu, ndevu zangu ni tatu na moja ni uchafu, lakini kwako wewe unayeanza kidato cha kwanza mimi ni mzee. Kaa utulie.

Bibi yetu ana desturi yake. Mjukuu akizaliwa, anampandia mtiki nyuma ya nyumba na kuupa jina la mtoto. Aliipanda kwa kuachanisha hatua moja moja tu, maana hakutaka wajukuu wakae mbalimbali. Upendo mtupu! Ila mti haujui upendo, unajua jua. Mitiki ikabanana, ikakimbilia juu, myembamba kama miguu yangu ndani ya kaptula ya shule.

Mjomba akaja kutoka Chiola, akaitazama, akaguna. "Mama, hii tuipunguze. Chini mizizi inagombea maji, juu majani yanagombea mwanga. Ukiiacha yote, hupati hata mmoja wa kupasua mbao."

"Unikatie wajukuu?" Bibi alikuwa ameshalikalia panga.

"Tuanze na ule uliopinda," Mjomba akasema.

Uliopinda ulikuwa wangu. Binamu yangu Zaituni, mwenye mtiki uliopakana na wangu, akapiga kigelegele. "Pole, marehemu! Pilau ya arobaini lini?"

Nilicheka, mwanangu, lakini macho yalibaki kwenye mtiki wangu. Kila asubuhi Bibi hupita kwenye mitiki ile akitusalimia mmoja mmoja kwa jina, hata tukiwa mbali. Wangu ukikatwa, mimi atanisalimia wapi?

Nikamtazama Bibi, anakaribia kulia. Nikasema, "Bibi, inuka. Nikateni mimi. Zaituni anapenda kula, mwacheni anenepe."

Bibi akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, akainuka. Wangu ukaenda, na mingine iliyodumaa ikafuata, ikawa nguzo za jiko jipya.

Likizo iliyopita nilikwenda kuutazama mtiki wa Zaituni. Nikiuzungushia viganja viwili, vidole havigusani! Mitiki ya jirani wa Bibi, iliyoachwa ilivyobanana, bado ni fito. Asubuhi nikamkuta Bibi ameushika mtiki wa Zaituni, anatusalimia sote wawili, jina langu kwanza. Zaituni alinuna mpaka chai ikapoa.

Basi, mwanangu, nikuambie waziwazi. Ukipanda, pima nafasi ya mti utakaokuwa, si ya mche ulioushika. Ikibanana, punguza mapema, uanze na iliyopinda na dhaifu. Na siku ukiambiwa usogee ili mwenzako apate jua, sogea. Wanaokupenda watakuona tu.

Mungu akukuze kwenda juu na kwenda upande. Akupe mvua kwa wakati wake, na bwenini akupe jirani asiyekoroma. Itikia amina basi, mbona umenikodolea macho?