Likelemba Darasani

Profesa alisoma ukurasa wa kwanza wa tasnifu yangu mbele ya wenzangu, akavua miwani. "Mwandishi wa riwaya," akaniita, na darasa likacheka, "hii njo hadithi nzuri. Lakini hapa tunasoma nadharia za maendeleo. Chukua mada ya barabara. Wanawake kulima viwanja wakati wa vita, ile ni kuponea tu."

Ulikuwa mwaka wa mwisho wa shahada ya uzamili, katika chumba cha chuo kule Kasuku ambamo pikipiki za nje hushindana na mhadhara. Tulikuwa tumesoma wanaosema nchi hupanda ngazi, na wanaosema ngazi yenyewe imeshikiliwa na wengine huko juu. Katika nadharia zote mbili niliutafuta mji wangu, sikuuona. Ndiyo maana nilitaka kuandika Mikelenge, mtaa wa utoto wangu: mji umezungukwa, mashamba ya nje hayafikiki, na mama zetu wamegeuza kila uwanja kuwa shamba la muhogo na mboga ya lengalenga. Walilima kwa likelemba: leo wote kwangu, kesho wote kwako, na nyumba yenye msiba ilitangulizwa. Nakumbuka migongo iliyoinama pamoja, udongo ukipinduliwa chini ya dirisha letu, na milio ya bunduki iliyowanyamazisha kidogo, kisha majembe yakaendelea.

"Tuseme nimekubali," profesa akasema. "Vita ilipoisha, likelemba yenu iliendelea? Niletee jibu, ao uniletee barabara. Bila hivyo, hautatetea tasnifu yako mwaka huu."

Sikuwa na shaka kwamba iliendelea. Nilimkuta mama nyumbani akitwanga sombe, majani ya muhogo, nikamweleza ninachoandika.

"Unaenda kusomea jembe ku iniversite?" akasema. "Jembe si iko nyuma ya mulango."

"Mama, vita ilipoisha, likelemba iliendelea mpaka lini?"

"Iliisha siku ile njia ya mashamba ilifunguka. Kila mutu alikimbilia kwake. Nani alikuwa na hamu ya kulima tena na jirani wa kushoto? Kuimba hajui, kupalilia hajui."

Alicheka mpaka akaweka mchi chini. Mimi sikucheka. Sura zangu zote zilikuwa zimesimama juu ya jambo ambalo halikutokea.

"Na mulikuwa munapendana vile," nikasema.

"Tulikuwa tumefungiwa, binti yangu. Si kitu kimoja."

Mchana ule sikulala. Nilizifuta zile sura, nikabaki na swali moja: watu waliojua kulima pamoja, kwa nini walichagua kulima peke yao mara tu walipoweza kuchagua? Hakuna kitabu cha darasa letu kilichowauliza.

Nilirudi kwa profesa. "Iliisha," nikamwambia.

"Basi barabara."

"Ndiyo. Ile ya mashamba, iliyofunguka vita ilipoisha. Nataka kujua ilileta nini na ilichukua nini."

Alivuta fomu ya mada mbele yake. "Utachelewa."

"Nitaandika haraka, Profesa."

Akatia sahihi, bila kutabasamu. Kesho yake asubuhi nilishika njia ya mashamba, kalamu mfukoni, umande ukilowesha sketi yangu hadi magotini, nikiwafuata wanawake waliotangulia, kila mmoja akielekea shamba lake.