Walitafuta Jina la Paluku

Siku ile, mwanangu, ningali naikumbuka. Mvua ilikuwa imenyesha Butembo tangu alfajiri, nami nimekaa katika bureau, ofisi ya kaka yangu Paluku, napokea simu za wasafiri. Nilikuwa msichana wa umri wako. Paluku alikuwa na magari ya kwenda Lubero na Alimbongo, na watu walimpenda kwa jambo moja: barabara ikiharibika, hatoi gari.

Aliyepiga simu alikuwa Masika, aliyeishi Kampala, binti wa Mama Kavira, muuza maharagwe pale sokoni.

"Dada, mama alipanda gari yenu asubui kwenda Lubero. Mbona simu yake haiingie?"

"Masika, leo hatukutosha gari hata moja, yote iko hapa. Barabara ni mubaya."

Kisha akasema polepole, "Mais lakini niliandika jina ya Paluku kwenye simu, nikitafuta gari. Ile ilitokea ya kwanza, njo nililipa safari ya mama."

Iliyotokea ya kwanza haikuwa yetu. Mwenye magari mwingine pale mjini alikuwa amelipia tangazo kwenye mtandao, ili kila anayemtafuta Paluku aone kwanza la kwake, na juu yake ameandika jina letu. Ukibonyeza, unafika kwake. Masika hakujua. Mama Kavira naye, gari lilipomfuata nyumbani, aliuliza kama ni la Paluku. Jirani alimsikia dereva akijibu, "Ni kazi moja tu, mama. Panda."

Gari lile liliteleza kwenye matope kabla ya Lubero, likaanguka bondeni. Paluku mwenyewe ndiye aliyekwenda kumleta marehemu Mama Kavira.

Baada ya mazishi nilimfuata na hasira zangu. "Yaya Paluku, na siye tulipie jina yake ule bwana. Benye kumutafuta bakuje kwetu."

"Mama Kavira alikuwa anatafuta miye," akasema. "Alikuwa na imani na miye, bakamupeleka kwa mwengine. Donc unataka na siye tufanyie vile mama ya mutu mwengine? Hapana." Kisha akafunika uso, nikamwona kaka yangu analia.

Hatukulipia jina la mtu. Tulimwendea yule bwana kumwomba aondoe letu. Akasema kila mtu anatafuta wateja. Wengi waliendelea kupotelea kwake, na baadaye Paluku akauza magari. Masika hunipigia mpaka leo. Katikati ya mazungumzo mengine huniuliza, "Dada, mais jina niliandika muzuri?" Namjibu kwamba aliandika vizuri.

Mwanangu, umeniambia patron wako, yule bosi wa duka kule Beni, anataka ulipie jina la duka la jirani, na kwamba siku hizi wengi hufanya hivyo. Tangaza, ndiyo kazi yako. Andika jina lenu, sifu bidhaa zenu, na ukijilinganisha na mwingine sema wazi ninyi ni nani. Lakini mtu anayeandika jina la mwenzako anamtafuta yeye. Usijibu badala yake. Patron akikasirika, mwambie shangazi yako amekukataza.

Mungu akulinde, mwanangu. Akupe kazi utakayoweza kumweleza mama wa mtu bila kuinamisha macho, na wanaokutafuta wakupate.