Mwenye Ploti

"Na hiyo diploma yako, hutawahi kuwa na ploti," ndugu zangu walisema niliporudi kutoka ng'ambo. Nikanunua moja Kitengela, mawe manne ya mpaka na nyasi katikati. Wakageuza maneno: "Hiyo ni malisho ya swara. Ploti ni nyumba, bwana." Basi nikajenga vyumba kumi vya kupangisha, kwa maana huku navyo huitwa ploti, nikavizungushia ua wenye geti. Niliazima ngazi, toroli, na punda wa jirani yangu Mmaasai, waliobeba maji yote ya ujenzi.

Wapangaji walipoanza kuniita mwenye ploti, nilivaa suti nikazunguka kumlipa kila aliyeniazima. Mzee wa punda nilimfikia mwisho, na bahasha nene kuliko zote.

"Rudisha hiyo mfukoni, kijana wangu. Lakini ng'ombe zangu zilikuwa zinapita hapo kwako kutoka mtoni, kabla ya hiyo geti."

"Sasa unataka nini, mzee?"

"Fungua."

Jioni hiyo, nikiwa bado na suti, nilishikilia geti kwa mikono miwili, ng'ombe wake wakipita polepole chini ya nguo za wapangaji wangu zilizoanikwa.