Meza Iliyoteremka Ngazi

Juzi nilikuwa ghorofa ya pili ya ofisi moja ya serikali hapa Mbale, nikisubiri zamu yangu. Ilikuwa siku ya mwisho ya kuandikisha vikundi vitakavyopewa mashine za kusaga mahindi. Wakaingia wanawake wanne wa Nakaloke, wabeba magunia sokoni, na fomu yao. Mwenyekiti wao, mama asiyeweza kutembea, alikuwa uani kwenye baiskeli yake ya magurudumu matatu.

"Lazima atie sahihi mbele yangu," alisema karani.

"Basi teremka, bwana."

"Muhuri hauruhusiwi kutoka mezani."

Wanawake wakatazamana. Mmoja akajifunga leso kiunoni. "Hautatoka."

Wakaibeba meza nzima, muhuri ukiwa juu yake. "Bwana karani, shika wino usimwagike!" Karani akafuata nyuma, kidau cha wino mkononi, kama bwana harusi.

Mama alisoma kila mstari, akatia sahihi, muhuri ukalia. Wazee wenye mikongojo, walioshindwa na ngazi siku nyingi, wakapanga foleni papo hapo.

Meza ingali uani. Karani anasema haiwezi kurudi juu bila barua ya kibali. Naomba barua hiyo ichelewe, kama kawaida.