Sindano za Miguu Kajiado

Nilienda Kajiado kwa sababu ya miguu ya Naserian. Sitaficha. Tumefundisha shule moja hapa Noonkopir, mtaa wa Kitengela, miaka tisa, na miaka hiyo yote sisi wawili tulivaa sketi za kufagia vumbi, kwa sababu mishipa ya miguu yetu ilikuwa imevimba na kujipindapinda chini ya ngozi. Tulikuwa tukichekana. Kisha muhula mmoja ukafunguliwa, Naserian akaingia ofisini na sketi ya magotini, miguu laini, shanga pana zimezunguka kifundo kimoja. Hakuwa ameniambia neno. Mume wangu alipomwona kanisani alisema, "Madam amerudi usichana." Siku hiyo sikuonja ladha ya chakula.

Nilipomuuliza Naserian, alijibu kifupi. "Ni sindano tu. Nikupeleke Jumamosi?"

Nilitaka kukataa. Miguu ikanishinda.

Saa moja asubuhi tulitoka Kitengela kwa gari lake dogo. Yeye alikuwa akizungumza habari za mitihani. Mimi nilikuwa nikitazama mguu wake ukikanyaga klachi. Malori ya simiti yalitupita, ng'ombe walivuka barabara wakitusimamisha, na bado sikuona kitu kingine.

Isinya tulisimama kunywa chai. Kijana wa hoteli alipanguza meza upande wa Naserian, halafu akamuuliza, "Na mama atakunywa nini?"

Mama ni mimi. Naserian amenizidi mwaka mmoja. Alicheka mpaka akashika meza. Mimi nilikunywa chai ikiwa moto, nikaungua ulimi.

Saa tatu na nusu tulifika Kajiado. Kliniki iko ghorofa ya kwanza, na ngazi nilizipanda nikishika ukuta. Nesi alimkumbatia Naserian, wakaamkiana Kimaasai.

"Takwenya, Mwalimu!"

"Iko."

"Na kile kidonda? Hakijafunguka tena?"

Naserian alinitupia jicho. "Kimefunga," akasema, akageukia dirisha. Nikabaki nikijiuliza, kidonda gani?

Daktari, mama mpole wa sauti ndogo, alinisimamisha, akanipaka jeli baridi mguuni na kutazama mishipa kwenye skrini. "Uko na bahati, ule mkubwa wa ndani bado ni mzima," alisema. Dawa aliitikisa mpaka ikawa povu, akaiingiza kwa sindano nyembamba, mara sita, mguu wa kushoto. Iliwasha kuliko kuuma. Alinieleza kwamba mshipa uliochomwa hujifunga, damu ikapita mishipa mingine. Akanivalisha soksi ndefu ya kubana. "Sasa tembea nusu saa. Usikae."

Tukatembea kando ya reli, mimi nikichechemea.

"Kidonda gani, Naserian?"

Alisimama, akainama, akasukuma shanga zake juu. Chini yake palikuwa na kovu jeusi, pana kama kiganja cha mtoto.

"Mihula miwili," alisema. "Kilikuwa kinatoa maji. Nilikuwa nakifunga bandeji choo cha walimu kabla ya kengele. Niliogopa mtasikia harufu."

"Na mimi niko meza ya pili! Mbona hukuniambia?"

"Ungenihurumia. Nyumbani wote walinihurumia, hata watoto. Nilitaka angalau mtu mmoja anionee wivu."

Nilimshika mkono tukamaliza ile nusu saa.

Tulirudi mchana, akisimamisha gari kila mara ninyooshe miguu. Kufika saa tisa, soksi ilikuwa imenichoma kwa joto la Kitengela.

Tangu siku hiyo nimerudi kwa daktari mara mbili. Mguu wa kushoto umetulia, wa kulia bado, na sindano zimeniachia madoa ya kahawia ambayo Naserian hana. Hilo pia linaniuma. Nilidhani nikiona lile kovu wivu utaisha, haukuisha. Nilichojifunza ni kwamba niliuficha kama yeye alivyoficha kidonda, na mezani hatukuwa na chochote kati yetu ila vitabu vya kusahihisha.

Basi Jumatatu moja nilimwambia. "Naserian, nimekuonea wivu sana. Hata leo."

Alifunga daftari, akavuta kiti karibu, uso wote ukang'aa.

"Anza mwanzo, Madam," alisema. "Usiruke kitu."