Siku Hawe Alipopaka Chokaa

Juzi nimebishana na watoto wa Gredi ya nane mpaka koo likanikauka, na mimi si mtu wa kubishana na watoto. Hebu sikia, mwenzangu. Somo lilikuwa la yule rais wa Marekani aliyepigwa risasi ndani ya gari la wazi, mkewe ameketi kando yake, wiki chache tu kabla ya sisi huku kupandisha bendera yetu. Mtaala wa siku hizi hautaki mtoto akaririshwe. Wataka aletewe ushahidi wa wakati ule wenyewe, picha, magazeti, sauti za redio, autazame na aulize maswali yake. Nami hivyo ndivyo nipendavyo kufundisha. Basi nikawafungulia picha kwenye tableti ya shule: lile gari, halafu mazishi, halafu mjane na shela yake nyeusi. Wakatazama, kisha wakatazamana wao kwa wao.

"Ticha, hii si imetengenezwa tu?" akauliza kijana wa kiti cha nyuma.

"Imetengenezwa na nani?"

"Na simu. Hata wewe naweza kukutengenezea yako, uko ndani ya gari hilo hilo."

Darasa zima likaangua kicheko. Utovu wa adabu haukunichoma, huo nimeshauzoea. Kilichonichoma ni kwamba sikuwa na jibu. Zamani ningekuwa nalo. Ningewatoa pale Kilifi nikawapeleka hadi Junju, kwa hawe, nikawasimamisha mbele ya ukuta wake na kuwaambia haya, mabingwa, shikeni kwa mkono wenu.

Hawe ni nyanya, ndivyo tunavyomwita kwetu. Yeye ndiye aliyenilea. Nyumba yake ilikuwa ya udongo na makuti, na chumba cha mbele kilibandikwa magazeti kuanzia chini hadi juu ili vumbi la ukuta lisituangukie kwenye chakula. Magazeti yenyewe yalitoka kwa babu, ambaye mimi sikumwahi. Alikuwa akifanya kazi kwenye feri ya Mnarani, enzi hizo daraja halijajengwa, na abiria waliposhuka upande wa pili waliacha magazeti yao kwenye viti. Babu aliyaokota akaja nayo nyumbani. Hawe akapika uji mzito wa unga wa muhogo, akayabandika. Huo uji mende waliupenda kuliko sisi, na jioni ungewasikia wakikwaruza nyuma ya karatasi, kwaru kwaru, wakila habari za dunia.

Hawe hakujua kusoma, kwa hivyo nusu ya magazeti yale yalisimama kichwa chini miguu juu. Na mimi kusoma nimejifunzia pale. Kazi yangu ilikuwa kukuna nazi, na mbuzi ya kukunia niliiweka ukutani palepale, basi huku nakuna huku nasoma, shingo nimeipinda hadi begani. Nilimsomea hawe matangazo ya baiskeli na ya dawa za minyoo kwa sauti ya mtangazaji wa redio. Alikuwa akicheka mpaka ungo wa kunde unamponyoka. Mpaka leo nikipewa karatasi iliyogeuzwa naisoma bila taabu, na wenzangu ofisini wanadhani ni maringo.

Lakini ukurasa mmoja ulikuwa umesimama sawasawa, mkabala na mlango, pale mwanga wa asubuhi unapopiga. Ulikuwa na picha ya yule mjane, na chini yake habari ya rais kuuawa. Huo hawe hakuubandika yeye. Siku babu alipokuja nao alikataa chakula, akamsomea hawe habari yote, kisha akarudia tena, halafu akachovya mkono wake kwenye uji akaubandika mwenyewe. Ndio pekee aliowahi kuubandika. Babu alipokufa, hawe akajizoesha jambo moja: kila asubuhi akifagia, akifika pale hunyoosha mgongo na kumwambia yule mwanamke wa kwenye picha, "Pole, mwenzangu." Halafu anaendelea kufagia.

Nilipokuwa darasa la saba tuliletewa mwalimu wa historia kutoka Shella, Malindi. Ah, yule bwana alikuwa na Kiswahili! Sisi watoto wa mashambani, wenye lafudhi ya kwetu, tulikaa kimya ili tumsikie tu. Alivaa shati jeupe lililopigwa pasi kila siku ya Mungu, na alikuwa na neno lake asilochoka kulisema: "Msiniamini mimi. Mimi sikuwepo. Hata kitabu hakikuwepo. Nitafutieni aliyekuwepo." Alipofika kwenye habari ya yule rais alikataa kabisa kutusomea. Akatutuma majumbani tukaulize, tulete chochote cha wakati ule.

Siku ya pili mmoja akaja na redio iliyokufa, mwingine akaja na leso kuukuu isiyohusiana na lolote. Nikanyoosha mkono, nikasema kwetu liko gazeti ukutani. Mwenzangu, nilichekwa! Ukutani! Walidhani nawatania. Mwalimu hakucheka. Alikuja hadi kwenye dawati langu, akaniuliza lina picha gani, limebandikwa na nani, lasomeka? Nikamjibu yote. Akaniambia, "Mwanangu, usije ukalibandua, litararuka. Sisi ndio tutakaolifuata."

Mwalimu mkuu hakupendezwa. Kwake yeye kulikuwa na mtihani wa darasa la nane, basi, mengine ni upuzi. Mwalimu wetu hakutuficha. Alituambia ameruhusiwa safari moja tu, na tukirudi na kitu cha maana ataendelea kutufundisha hivyo hivyo, tukirudi mikono mitupu atafungua kitabu kama wenzake. Kwa hivyo darasa zima lilijua kila kitu kinategemea ukuta wa kwetu. Nilitembea nyumbani siku ile kifua mbele.

"Hawe, mwalimu anakuja kesho na darasa lote, wanakuja kuliona lile gazeti. Amesema usijihangaishe."

"Kha! Mwalimu wa kutoka Malindi na watoto wote hao, nisijihangaishe? Watasema tumelelewa wapi?" Kisha akatua ungo chini. "Gazeti gani? Lile la babu yako?"

"Hilo hilo."

Halafu akacheka peke yake, polepole, huku akijipangusa mikono ambayo haikuwa na kitu. Nilimjua hawe kwa kila namna ya kucheka, lakini ile sikuwa nimeiona. Tangu azaliwe hakuna mtu aliyepata kufunga safari kuja kutazama kitu chake.

Kesho yake baada ya mapumziko ya saa nne tulishika njia, tukipita katikati ya mikorosho na mashamba ya muhogo, mimi mbele, mwalimu nyuma yangu. Tulipopinda kona ya mwisho nikaiona nyumba. Ilikuwa nyeupe pee. Hawe alikuwa amepaka chokaa.

Wenzangu wakasema kwetu kumependeza. Mimi nikaongeza hatua, nawaza gazeti tu.

Wewe ukiwa mtu wa huku hutauliza kwa nini. Kwetu ukuta hauachwi na masizi mgeni akiwa njiani. Harusi ikikaribia chokaa, matanga chokaa, Idi au Krismasi chokaa. Hata mwalimu alilijua hilo, Shella wanafanya vivyo hivyo.

Hawe alikuwa mlangoni, amejifunga leso mpya iliyokuwa bado ina ukakasi wa dukani.

"Shikamoo, mama," mwalimu akasema.

"Marahaba, mwalimu. Karibuni. Karibuni wanangu, ingieni."

Tukaingia. Harufu ya chokaa mbichi ilikuwa inawasha pua. Magazeti yote hayakuwepo, ya baiskeli, ya dawa za minyoo, yote. Kuta zilikuwa nyeupe, isipokuwa mraba mmoja mkabala na mlango, ambao hawe aliuzunguka kwa uangalifu mkubwa asiuguse na brashi. Ndani ya mraba ule palikuwa na udongo mtupu, na vijipande viwili vitatu vya karatasi vilivyong'ang'ania pembeni.

Mwalimu akatazama pale, akatazama kuta nyingine, akarudi tena pale. "Na lile gazeti, mama?"

"Lilikuwa na masizi, mwalimu. Moshi wa koroboi miaka yote hiyo." Alikuwa na kitambaa kibichi mkononi, hakukumbuka kukiweka. "Yale mengine nimeyabandua, yamekwisha kwa mende. Hilo nikaliacha. Nikasema nilipanguse tu kidogo kwa maji, muuone uso wake vizuri. Likaja lote. Nililigusa hivi tu, mwalimu. Hivi."

Akatuonyesha alivyoligusa, taratibu kabisa, hewani.

Yale mengine, nilikuja kuyajua baadaye, ndiyo yaliyowasha moto wa muhogo tuliopikiwa.

Mwalimu alivua viatu, akaketi mkekani, akatuashiria na sisi tuketi. "Basi mama, hakijaharibika kitu," akasema. "Wewe ulikuwepo siku habari ilipofika. Tuambie wewe."

Na hawe alianza vizuri, jamani. Alisimulia babu anavyotoka feri, gazeti kwapani, anavyokataa chakula, anavyosema mtu ameuawa mchana kweupe na mkewe anaona. Kalamu zetu zilikuwa zinakimbia. Nikaanza kupumua. Nikamwona mwalimu anatikisa kichwa kwa kuridhika, nikajua tumepona.

Msichana mmoja akanyoosha mkono. "Hawe, huyo mke wake pale kwenye picha, alikuwa akilia?"

"Alikuwa..." Hawe akageuka kutazama ukuta. Aligeuka kwa mazoea, vile mtu anavyogeuka kuangalia saa. Akabaki ameukodolea macho ule udongo. "Ngojeni. Alikuwa amejifunika. Mtoto amemshika mkono. Au..." Akaweka kiganja pale ukutani, akapapasa. "Mjukuu wangu, alikuwa na mtoto?"

Nikafungua kinywa. Nilikuwa nimeuona ukurasa ule kila siku ya maisha yangu, nikikuna nazi, nikila, nikivaa sare. Na sikujua. Haki ya Mungu, sikujua kama mtoto alikuwepo.

"Na gari lilikuwa la rangi gani?" mwingine akauliza, na mwingine tena, "Walimkamata nani?" Hawe akawa anajibu hili kisha analifuta, anasema ndiyo kisha anasema hapana, huku mkono haujatoka ukutani, mpaka mwalimu akasimama. "Inatosha, mama. Ahsante sana. Mungu akuweke."

Tukaletewa muhogo wa nazi, wenye pilipili mbichi juu, na madafu. Wenzangu walikula wakajilamba vidole, wakasifu, wakaomba tena. Mimi wangu nilimsogezea jirani.

Mwalimu mkuu alisoma tulichoandika, akakuta "alikuwa akilia au hakuwa akilia," akavirudisha vitabu. Kipindi kilichofuata mwalimu wetu aliingia, akafungua kitabu, akasoma, tukanakili. Hakugomba na mtu. Lile neno lake la "nitafutieni aliyekuwepo" sikulisikia tena kwake, na muhula ulipokwisha akahamishwa. Miaka kadhaa iliyopita nilipita Shella nikamuulizia. Waliniambia alishafariki, na kwamba alikuwa mtu mkimya sana.

Tangu siku ile hawe alikuwa akifagia, akifika pale ananyoosha mgongo, anaanza "Pole..." kisha anainama tena. Mraba ule hakuukubali upakwe chokaa. Uzee ulipomwingia akaanza kuniuliza.

"Hivi lilikuwepo kweli lile gazeti?"

"Lilikuwepo, hawe."

"Babu yako ndiye aliyelibandika?"

"Ndiye."

"Na alinisomea? Alinisomea mara mbili?"

Hilo mimi sikuwepo. Habari hiyo niliipata kwake yeye. Nilimwambia alikusomea, hawe, na yeye akanitazama tu, alijua naitoa wapi. Amekufa hana hakika kama mumewe alimsomea au alijiwazia mwenyewe. Mengine yote nimeyazoea, hilo sijalizoea.

Nyumba ilifuata. Mvua ilikula ukuta upande ule ule, kisha wajomba wakauza kiwanja, na sasa hapo pamesimama nyumba za kupangisha za matofali, milango ya chuma, watu nisiowajua. Mikorosho imekatwa. Feri nayo ilikwenda zamani.

Basi juzi, baada ya kile kicheko, niliwaambia watoto wangu habari hii yote kama nilivyokwambia wewe. Walitulia. Hata yule wa kiti cha nyuma alitulia, nikafurahi moyoni, nikajisemea angalau. Kisha msichana wa mbele, mtoto mpole asiye na shari na mtu, akanyoosha mkono.

"Ticha, mimi nakuamini. Kwenye hilo gazeti la kwenu, huyo mama alikuwa akilia?"

Nikafumba macho niutafute ukurasa. Nikamwona mjane wazi kabisa, shela, watoto wawili, kila uzi wa nguo yake, na nikatambua kwamba ni ile picha ya kwenye tableti. Nikatafuta nyuma yake. Hakuna kitu. Sijui iliniondoka lini ile ya ukutani, sikuiaga.

Nilipofumbua macho nilikuwa nimeshageuka kutazama ukuta. Ukuta wa darasa letu umepakwa rangi muhula huu, ya maziwa, safi, haina hata doa.

"Ticha?"

"Fungueni vitabu," nikawaambia. "Nakilini."